Gumba la mwenzetu

Habari hii tunaileta kwa haya kidogo.

Kila siku ya Posho sisi watatu tunakwenda kwa jirani kucheza mupira wa televisheni. Sheria ilikuwa: mwenye kushindwa analipa. Mwenzetu wa ine, ambaye gumba lake la kuume halikunjiki, alilipa mara tatu mufululizo. Tulimucheka, tukasema hajui kucheza.

Kisha mumoja wetu akafunga gumba lake kwa kitambaa, akajaribu. Akafungwa mabao sita! Ndipo tukaitazama maneti yenyewe. Ile ya Nintendo iliyouzwa Marekani mwaka 1985 ilikuwa kama kisanduku, pembe zake zikichoma viganja. Mwaka 1994 ile ya PlayStation ikapata mashikio mawili. Ya Xbox, mwaka 2001, ilikuwa kubwa mno, hata Microsoft wakatengeneza ingine ndogo. Lakini zote zilidai magumba mawili mazima. Mwaka 2018 Microsoft wakauza moja yenye buto mbili kubwa na matundu ya kuunganisha buto zingine, ili mutu afinye hata kwa kiwiko ao kwa muguu.

Hiyo hapa kwetu hatuna. Lakini tuliweka yetu juu ya magoti ya mwenzetu, naye akafinya kwa kidole cha pili. Franga zake tumerudisha, na sheria tumeiondoa. Posho iliyopita alitushinda wote, akauliza: «Mbona sheria mumeiondoa mapema hivi?»