Maswali matatu kabla ya sindano

Wadada, hapa Nakivale sindano za kung'arisha ngozi zimeingia hadi saluni. Mdogo wangu aliitaka kabla ya harusi yake. Sikumgombeza. Nilimsindikiza, nikamuuliza mchomaji maswali matatu tu.

Kwanza, leseni yako ambayo muda wake haujaisha iko wapi? Hapa Uganda daktari husajiliwa na baraza la madaktari, nesi na baraza la wauguzi. Yeye hakuwa nayo.

Pili, tuone kichupa: jina la dawa, tarehe ya kuisha, na sindano mpya ifunguliwe mbele yetu. Sindano iliyomchoma mwingine inaleta VVU na homa ya ini. Akatoa kichupa hakina hata karatasi.

Tatu, akizidiwa hapahapa, utamfanyia nini? Akacheka, eti "Mungu ni mkubwa."

Tukatoka. Njiani mdogo wangu akalia: "Lakini wote wanachoma!" Nikamwambia hata Marekani, mamlaka ya dawa haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi. Akanyamaza.

Aliolewa na rangi yake, na picha ni nzuri sana.

Wewe pia uliza, usione aibu. Mtaalamu wa kweli hakasiriki ukimuuliza leseni.