Unataka mbwa? Vuka mji hadi Karen

Tembea alfajiri kando ya Barabara ya Jogoo, utawakuta karibu na mabucha ya soko la Burma wakingoja mfupa. Wengine wana vidonda, wengine mbavu zahesabika. Hawa mbwa koko wa Eastlands si wote waliozaliwa barabarani. Kodi hupanda, familia ikahama, naye mlinzi wa jana akaachwa langoni.

Ajabu ni kwamba wengi wetu tukitaka mbwa hununua kijibwa kinachouzwa kando ya barabara, bila kuuliza kama kimechanjwa. Kumbe iko njia nyingine, ambayo gharama yake kubwa ni subira.

Kwa mkazi wa Buruburu, Umoja, Donholm au Kayole, hii ni safari ya kuvuka mji. Panda matatu hadi katikati ya jiji, kisha nyingine ya Karen inayofuata Barabara ya Lang'ata. Utapita Uwanja wa Nyayo, uwanja wa ndege wa Wilson na lango la Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Nyumba zitapungua, miti iongezeke. Mwambie makanga akushushe KSPCA, kituo cha chama cha kutetea wanyama ambacho mizizi yake ni ya mwaka wa 1910.

Huko wapo mbwa, paka na hata punda waliookolewa kutoka kwa wenye mikokoteni wasio na huruma. Nenda na watoto, lakini usiwaache wachague kwa sura tu. Uliza mnyama huyo ana umri gani, amezoea watoto au la, na amepata chanjo gani. Uliza pia kama amehasiwa, ili usije ukajikuta na vijibwa vinane uani.

Nawe utaulizwa maswali. Je, nyumba ni yako au umepanga? Je, ua una lango? Nani atabaki na mnyama mchana? Usishangae wakitaka kuona unakoishi. Wanajua kwamba mnyama aliyetupwa mara moja asitupwe tena.

Kwa hivyo zungumza na mwenye nyumba kabla ya kufunga safari. Nyumba za Buruburu zenye ua mdogo zaweza kumfaa mbwa wa wastani. Anayeishi chumba kimoja orofa ya nne kule Umoja au Kayole, heri achukue paka: atakula kidogo, hatabwekea majirani, na panya watahama.

Jambo la chanjo si mzaha. Kichaa cha mbwa kiligunduliwa nchini mwaka wa 1912, katika mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi, na hadi leo hakijatuacha. Shirika la Afya Duniani lasema karibu visa vyote vya binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na watoto wa chini ya miaka 15 ni kama asilimia 40 ya waathiriwa. Dalili zikishaonekana, ni nadra sana mtu kupona. Mtoto akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha umkimbize hospitali bila kungoja kesho. Mbwa wako naye achanjwe kila mwaka, kwani akikingwa yeye, watoto wa mtaa mzima wamekingwa.

Ukishamfikisha nyumbani, mpe siku chache atulie. Ugali uliochanganywa na omena, maji safi na pahali pakavu pa kulala vyatosha kuanzia. Usimfunge mnyororo mchana kutwa. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza kumnyima mnyama chakula au kumfunga kwa njia ya kumtesa.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Familia isiyo tayari kulea kwa miaka kumi au zaidi, na iahirishe safari ya Karen. Kule Burma mbwa wa kuachwa wametosha.