Ulikopa Wewe, Ujumbe Ukaja Kwangu

Madale, Jumatano jioni

Mwanangu Rehema,

Mvua imetuachia tope mpaka mlangoni na bodaboda wanagoma kushuka bondeni, lakini mchicha umekubali, na kikohozi cha babu yako kimepungua. Anakuulizia kila siku.

Jumapili nilikuwa barazani nachambua huo mchicha, simu ikalia. Nikadhani ni wenzangu wa VICOBA wanakumbushana hisa. Nikafungua: “Rehema ni tapeli, amekula fedha zetu na amekuweka wewe mdhamini. Mwambie alipe leo kabla hatujasambaza picha yake.” Nikausoma mara tatu. Haijapita saa, mama yako mdogo wa Tabata akanipigia, naye ameupata. Jioni nikasikia hata mwenye nyumba wako hapo Mbagala ameletewa. Moyo uliniuma, mwanangu, si kwa sababu ya fedha. Uliniuma kwa kuwa najua ulikaa na jambo hili peke yako, ukizima simu na kuiwasha, ukiogopa tutakuonaje.

Sikukupigia. Maneno ya simu hupita, na haya nataka uyasome zaidi ya mara moja. Msomee na mwenzako unayesuka naye, maana najua naye anazo hizo programu za mikopo ya simu.

Kukopa hakujakuvunjia heshima kwangu. Nani katika ukoo huu hajakopa? Lakini kaa na daftari tupige hesabu, kama nilivyokuwa nikikukalisha ulipokuwa darasa la nne. Mama yako mdogo ameniambia uliomba shilingi 100,000 ununue rasta na kumalizia kodi ya fremu. Simu ikaingiza 68,000. Zile 32,000 wakaziita ada, wakazikata kabla hujazigusa. Siku ya saba wakataka 118,000. Maana yake, kwa kushika 68,000 wiki moja tu, unadaiwa 50,000 za juu. Sasa weka pembeni jambo hili: wakopeshaji wasiopokea amana, ambao Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawaweka daraja la pili, Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Katika 100,000 hiyo ni shilingi 3,500. Kwa mwezi mzima, Rehema. Watu hawakukosea kuiita mikopo hii kausha damu.

Mimi nayajua haya kwa sababu yalinipata. Sijawahi kukusimulia, hata marehemu baba yako nilimficha, na kule kuficha ndiko kulikonigharimu zaidi.

Nikiwa bado nafundisha, mwaka ambao nilikuwa na wawili sekondari kwa mpigo, nilikopa kwa mtu mmoja aliyekuwa na ofisi ndogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Hakutaka shamba wala nyumba. Alitaka kadi yangu ya benki na namba yake ya siri. Nikampa. Alivuta droo akatoa boksi la viatu, na ndani yake nikaona kadi za walimu wenzangu, za manesi, na ya askari mmoja ninayemfahamu, kila moja imezungushiwa kipande cha karatasi chenye jina na namba, ikafungwa kwa mpira wa kusukia nywele. Yangu ikaingia humo. Kila mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyekwenda kwenye mashine. Mimi nilisimama mlangoni kwake na walimu wengine, kimya, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, nikisubiri kilichobaki cha mshahara wangu ndani ya bahasha. Risiti hakuna. Nikiuliza nimebakiza ngapi, ananijibu kwa mdomo, na kila mwezi jibu lilibadilika. Nilikaa hivyo mpaka mwezi wa 14 ndipo nikajua kwamba naweza kwenda benki, nikaeleza, nikapewa kadi mpya na namba mpya, na lile boksi likabaki na plastiki tupu. Miezi 14 nilidhani kadi ni yake kwa kuwa imo mkononi mwake!

Nikakopa mahali penye leseni ili nimlipe huyu nilichokuwa nadaiwa kwa haki, nikaanza kulipa upya kwa utaratibu. Nikamaliza mwaka 2016, nikapewa barua ya kumaliza deni yenye mhuri. Mwaka uliofuata nikaenda benki kuomba mkopo wa kupaua nyumba hii unayoijua. Binti wa benki akatazama kompyuta, akaniambia kwa upole: “Mama, taarifa zako zinaonyesha unadaiwa shilingi 412,000.” Nilihisi dunia inazunguka. Deni nililolimaliza lilikuwa bado hai mahali ambapo sikujua kama pana jina langu.

Hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo shuleni hatukufundishwa. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, kwa kanuni za mwaka 2012. Benki na taasisi za fedha zinapeleka huko habari za kila anayekopa: kiasi gani, analipaje, amechelewa au hajachelewa. Kisha zipo kampuni zilizopewa leseni ya kuzikusanya hizo habari na kutoa ripoti; mbili zilizoanza, mwaka 2013, ni Creditinfo na Dun & Bradstreet. Ukiomba mkopo benki, wanakuangalia humo. Kampuni hizo hazikukatalii mkopo. Zinasema tu zilichoambiwa na aliyekukopesha. Akisahau kuandika kwamba umemaliza, unaendelea kudaiwa kwenye karatasi mpaka wewe mwenyewe useme.

Na kusema ni haki yako. Ripoti yenye jina lako una haki ya kuiomba na kuisoma, na ukikuta kosa una haki ya kudai lirekebishwe. Mimi niliiomba. Nikaisoma pale pale mstari kwa mstari, nikakuta mkopo wangu umeandikwa kuwa bado wazi, pamoja na namba ya simu niliyokwisha kuiacha. Nikaandika barua kwa aliyenikopesha, nakala nikaipeleka kwa kampuni ya taarifa, nikaambatanisha ile barua ya mhuri na karatasi za malipo, nikahakikisha nakala yangu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Wiki kadhaa zikapita, nikarudi kuuliza, mara mbili. Wakarekebisha. Kama ile barua ya mhuri ningeifungia maandazi, nyumba hii isingekuwa na paa mpaka leo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na deni nalo ni hivyo hivyo, ila lenyewe bila daftari halipotei, linazaa.

Basi turudi kwenye lako. Dawa ya deni ni kulipa, na sitakufundisha kukimbia. Zile 68,000 ulizipokea, rasta ulizinunua. Lakini kabla hujatuma hata shilingi, tujue ni nani unayemlipa. Tarehe 21 Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Ya kwako kama imo au haimo tutaitazama pamoja, na tutatazama pia kama jina lake limo kwenye orodha ya wenye leseni ambayo Benki Kuu inaitoa. Akiwa na leseni, tunamwandikia barua: atuonyeshe mkataba, riba, ada, na hesabu nzima ya deni. Tukilipa, tunalipa kwenye namba ya kampuni, hatulipi kwenye namba binafsi ya kijana anayekupigia saa tano usiku. Ujumbe wa muamala usiufute. Ukimaliza, usiondoke bila barua ya kumaliza deni. Akiwa hana leseni, hesabu yake haiwi amri kwetu, na malalamiko tutayapeleka tukiwa na ushahidi.

Kuhusu vitisho. Wamekuambia watakufungia NIDA. Kitambulisho cha Taifa kinatolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, na mkopeshaji hana ufunguo wa ofisi ile. Wamekuambia polisi wako njiani. Kushindwa kulipa mkopo ni jambo la madai. Anayedai ana mlango wake, ni mahakama, na huko nawe utasikilizwa. Wito wa mahakama ukija kweli, usiupuuze, nenda. Lakini kijana wa simu hana uwezo wa kutuma askari kama atumavyo ujumbe. Wala mtu hawezi kuja kwako na pikipiki akabeba jokofu na mashine ya kukaushia nywele kwa kuwa amesema tu. Akija, mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa asimame pale, na huyo aliyekuja aonyeshe amri ya mahakama, kila mtu aisome.

Na huu ujumbe wao. Rehema, mimi sikukopa. Sikusaini popote. Mdhamini ni mtu aliyekubali kudhamini. Jina kuwa kwenye simu yako hakunifanyi mdhamini. Programu ile ilipoomba ruhusa ya kuona namba zako, ulibonyeza ndiyo kwa haraka, lakini hukuwa na uwezo wa kutoa ruhusa yangu. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Sheria hiyo haitaki taarifa ya mtu ichukuliwe kwa kazi moja ikatumiwe kwa nyingine bila ridhaa yake. Kwa hiyo malalamiko ni mawili: lako, kwa kutangazwa tapeli na kutishiwa picha, na langu, kwa namba yangu kuchukuliwa. Langu nitaliandika mimi kwa jina langu, na mama yako mdogo ameniahidi ataandika la kwake. Tena kutumia simu kumtisha mtu na kumsumbua kunagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hapo polisi ndiko sisi tutakakokwenda.

Wewe unataka kubadilisha laini, mama yako mdogo ameniambia. Usibadilishe bado. Piga picha kila ujumbe kwenye kioo cha simu, na namba na tarehe zionekane, kisha zitume kwangu ili zisipotee. Andika kwenye daftari: nani alipiga, saa ngapi, alisema nini. Ile programu izimie ruhusa ya majina na picha kabla ya kuiondoa. Nenda kwa mwenye nyumba mweleze kwa kinywa chako mwenyewe, asiisikie habari yako kwa wageni. Ataelewa; naye ana watoto.

Kisha barua. Tunaanza kwa mkopeshaji mwenyewe, maana Benki Kuu watatuuliza kwanza kama tulimlalamikia na akajibu nini. Asipotujibu au akijibu hovyo, tunapanda daladala mpaka Mtaa wa Mirambo tukiwa na nakala zetu.

Jambo moja jingine, nalisema kwa sababu nasikia kuna kijana mwingine anayekwambia yupo mtu Temeke anayekopesha milioni mbili kwa siku hiyo hiyo. Jirani yangu hapa bondeni alisainishwa karatasi akiambiwa ni ya mkopo. Ilikuwa mkataba wa kuuza kiwanja. Kiwanja chenyewe hakina hati, kina karatasi ya mauziano tu yenye mhuri wa serikali ya mtaa, kama viwanja vingi vya huku, na hiyo karatasi halisi akaiacha kwa mkopeshaji. Sasa kila siku yuko mahakamani, na mkewe, ambaye hakuulizwa, analia kila jioni. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na ndiyo maana wajanja wanakimbilia kuiita mauzo. Karatasi yoyote utakayopewa usaini, niletee kwanza niisome. Sikuombi, nakuagiza. Na ukibanwa tena, kabla ya simu, njoo kwangu. Kikundi chetu cha VICOBA kina mfuko wa jamii, na nina kuku.

Jumamosi njoo na mtoto. Panda gari la Tegeta, pale Nyuki upande la Madale, halafu nipigie nikufuate na viatu vya tope. Uje na simu, chaja, kitambulisho, na lile daftari hata kama umeandika mistari miwili. Kalamu ninayo na karatasi za mistari nimenunua leo. Tutaandika barua yako asubuhi kabla jua halijawa kali, yangu tayari nimeianza. Babu anataka mjukuu wake amwone akitembea bila fimbo.

Nisalimie wote hapo Mbagala.

Ni mimi nikupendaye,
Mama Mkubwa wa Madale