Gesi ya kupikia kwenye friza? Subiri kwanza, shangazi!

Wiki hii naomba tuongee habari za baridi. Siyo ile ya Makete wala Lushoto, hiyo tumeshaizoea kuisikia. Nasema baridi ya friza, ile inayolipa ada za watoto kwenye nyumba nyingi huku kwetu uswahilini.

Shangazi yangu yuko Tandika, anauza barafu za ukwaju na ubuyu. Mtaji wake ni friza moja ya kusimama aliyoinunua mtumba. Sasa nyumba ya tatu kutoka kwake kajitokeza mama mwingine, barafu zake ngumu kama jiwe, mtoto analamba mpaka anafika kwao haijaisha. Za shangazi zikawa zinatoka ujiuji. Na watoto mnawajua, biashara kwao haina undugu, wakahamia kwa jirani. Shangazi akaapa: friza hii lazima ipoze zaidi, hata kwa kuichokonoa.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alitazama kama dakika tano hivi akatoa hukumu. Themostati iondolewe, mota ipigwe "dairekti" isizime usiku na mchana, halafu gesi iliyomo imwagwe, ajaze gesi ya kupikia. Ati itashuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri! Bei shilingi 60,000. Shangazi akaanza kufungua pindo la kanga. Nikasema shangazi, subiri.

Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini fizikia niliipenda. Friza haitengenezi baridi, inahamisha joto. Gesi inachemka ndani ya mabomba na kulibeba joto la humo ndani, mota inaikandamiza, kisha nyavu za nyuma zinalitupa joto hilo nje. Gesi iitwayo R134a, iliyomo kwenye friza nyingi za mtumba, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa. Friza ya nyumbani imepangiwa kukaa kwenye 18 chini ya sifuri. Ukilazimisha ishuke mno, gesi inayorudi kwenye mota inakuwa kidogo, na hiyo ndiyo inayoipoza mota yenyewe. Inachemka, inaungua. Na isipozima kabisa, uniti za LUKU nazo zinakwenda na maji.

Wanaotaka baridi kali kweli hawachokonoi friza ya mtumba. Chanjo ya Ebola iliyopelekwa Kongo mwaka 2018 ilitunzwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Mashine za namna hiyo kwa kawaida zina mota mbili, mzunguko mmoja wa gesi unaupoza mwingine.

Na hiyo gesi ya kupikia? Kijana hakudanganya yote. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na yapo majokofu yanayotoka kiwandani yakitumia propeni safi, gramu chache zilizopimwa, swichi zimefungwa zisitoe cheche. Lakini ya mtungini imechanganywa na buteni, ambayo huchemka karibu kabisa na sifuri. Sasa hizo 40 anazitoa wapi? Tena friza ya shangazi inakaa chumba wanacholala watoto. Bomba likivuja usiku, swichi ya mota ikitoa cheche, jamani, nani atasimulia?

Shangazi alikuja juu. "Wewe mwanangu ndiyo unajua kuliko fundi? Ada ya mdogo wako utalipa wewe?" Siku mbili hatukusemeshana.

Siku ya tatu nikamleta mzee mmoja fundi wa zamani. Bomba hakuligusa. Aliivuta friza ikae shibiri moja kutoka ukutani, akafagia vumbi na utando wa buibui kwenye nyavu. Akayeyusha ganda la barafu, nene kama kidole, maana ganda hilo ni blanketi, linazuia baridi. Akafungia karatasi mlangoni, akaivuta, ikatoka bila kung'ang'ania: mpira umelegea. Akaulainisha kwa maji ya moto ukakaa sawa. Mwisho akakaza kidogo skrubu ya themostati ili mota ichelewe kuzima. Basi! Kipimajoto kilikuwa kinasoma 11 chini ya sifuri, kesho yake asubuhi kikasoma 21. Alichukua 15,000.

Akiwa anaosha mikono akaonja ukwaju wa shangazi. "Mama, sukari yako nyingi sana. Sukari ni kama chumvi, inafanya maji yachelewe kuganda." Nilitamani kucheka nikajizuia. Shangazi akajibu papo hapo: "Kwa hiyo barafu zangu ziwe chachu kama za yule?"

Sukari hajapunguza hata kijiko. Ila barafu zinatoka saa mbili asubuhi, ngumu, na watoto nusu wamerudi.

Yule kijana bado anapita mtaani na mtungi wake begani. Juzi nilimwona kasimama nyumba ya tatu, anaelewana bei na jirani. Nikamwambia shangazi aende akamzuie mwenzie. Akanitazama weee, kisha akavaa kandambili, akatoka.