Pedi za Zamani na Helmeti Mpya

Watu wengi wayaonao meno yangu mawili ya bandia hudhani kuwa uzee ndio ulioyang'oa yale ya asili. La, hasha. Yaling'olewa na mpira wa magongo mwaka 1973, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari na mlinda lango wa timu ya shule yetu. Sikuwa na nia ya kuwasimulia wasomaji habari hiyo ya kale, ila mwaka huu imerudi nyumbani kwangu kwa mlango mwingine, nami nimeona si vibaya kuieleza.

Katika siku zile mlinda lango hakuwa na mavazi mengi ya kuchagua. Tulikuwa na pedi mbili za turubai, zilizojazwa usufi na kuimarishwa kwa fito za henzirani, nazo zilifungwa miguuni kwa mikanda ya ngozi. Juu ya viatu tulivaa vikinga vya ngozi, na mikononi glavu zilizojazwa kidogo upande wa nyuma. Kifuani palikuwa na shati tu, na usoni hapakuwa na kitu. Mvua iliponyesha, usufi ulikunywa maji hata pedi zikawa nzito kama mtoto aliyelala mgongoni. Wala hatukulalamika. Mwaka 1971 Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huu, kule Barcelona, na walinda lango wa zama zile, hata wa mataifa makubwa, kwa kawaida walicheza uso wazi. Sisi watoto wa shule tungedai nini zaidi?

Hata hivyo mwalimu wetu wa michezo, mtu mwenye huruma, alinitafutia barakoa ya nyaya. Niliivaa jioni moja tu ya mazoezi. Wenzangu walicheka, wakaniita kuku wa tengani. Kijana wa miaka kumi na sita aweza kuvumilia mpira mgumu, lakini kicheko hakivumilii. Basi nikairudisha barakoa stoo. Wiki ya pili yake tulicheza na shule jirani katika kiwanja cha murram. Wakapata kona ya adhabu, ile ambayo wachezaji wengi huiita kona fupi. Mpira ukapigwa chini kabisa, nami nikauinamia huku nimeunganisha miguu yote miwili kama nilivyofundishwa, ukagonga kijiwe, ukapanda. Sikuuona. Nilisikia tu mdomo umejaa kitu kama kokoto, na kokoto hizo zilikuwa meno yangu. Hapana wa kulaumiwa isipokuwa mimi mwenyewe. Aliyeupiga mpira ule ni rafiki yangu mpaka leo, na kila Krismasi huniuliza kama naweza kutafuna nyama.

Lakini hasara kubwa haikuwa meno. Niliporudi langoni baada ya mwezi, bado uso wazi kwa ukaidi wangu, shingo ilikuwa imejifunza jambo bila ya idhini yangu. Kila mpira ulipopigwa, uso uligeuka kando, kiasi cha upana wa vidole viwili. Vidole viwili vyatosha kabisa. Nilifungwa mabao ambayo mtoto angeyazuia, na kabla ya muhula kwisha nikaomba nitolewe. Sikusema sababu. Nadhani mwalimu aliijua.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Msichana huyu yuko katika sekondari, na mwaka huu alichaguliwa kulinda lango. Mavazi aliyorithi kwa waliomtangulia yalikuwa pedi nene za sponji ngumu ambazo mikanda yake imekatika, vikinga vya viatu vilivyochakaa, na helmeti yenye ufa karibu na kipaji. Ukoo ulichanga fedha. Zilikuwa fedha za kutosha kitu kimoja kizuri, labda kimoja na nusu. Sheria ya leo yamtaka mlinda lango avae walau helmeti, pedi na vikinga vya viatu. Kwa hiyo swali halikuwa avae nini, bali kipi kinunuliwe kipya na kipi kiendelee na uzee wake.

Yeye alitaka pedi mpya, na lazima nikiri kwamba hoja zake hazikuwa za kitoto. “Babu,” akaniambia, “pedi zenu ziliua mpira, zetu huurudisha.” Ni kweli. Pedi ya usufi iliuangusha mpira miguuni pako, nawe ukapaswa kuupiga teke mara ya pili kabla adui hajafika. Sponji ngumu huurusha mbali mara tu ugusapo, na haisharabu maji. Hilo ni jambo kubwa tangu mchezo ulipohamia kwenye nyasi bandia, kuanzia Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 (ambayo sisi Wakenya tuliisusia), maana juu ya nyasi hizo, ambazo hunyweshwa maji kwanza, mpira hauna kijiwe cha kuuchelewesha.

Mimi nilishika helmeti. Nilimweleza hivi: mpira una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ugumu kama wa jiwe. Lango lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14. Katika kona fupi, pigo la kwanza likiwa la kuchapa, mpira ukivuka mstari juu ya sentimita 46, yaani kimo cha ubao wa langoni, si bao. Lakini mchezaji akiukokota mpira kwa gongo na kuurusha hana mpaka huo. Aweza kuulenga chini ya mwamba wa juu, na njiani mna uso wako. Pedi kuukuu itakuumiza kidogo na kukuchelewesha kidogo. Helmeti yenye ufa si helmeti. Kisha nikatoa meno yangu ya bandia, nikayaweka mezani. Bibi yake alikasirika, maana tulikuwa tukila.

Dukani mambo yalikuwa mengine, na huko mimi ndiye niliyekosea. Nilitaka tuchukue helmeti kubwa ili akue ndani yake, kama tununuavyo sare za shule. Akaivaa, akatikisa kichwa, nayo ikamfunika macho. Tukachukua iliyomkaa sawasawa. Likazuka suala la kinga ya koo. Hakuitaka hata kidogo, akasema yamzuia kuinamisha kidevu auone mpira ulio miguuni. Nikaomba chungwa kwa mwenye duka, nikaliweka katikati ya nyayo zake, nikamwambia alitazame bila kupinda mgongo. Kwa kinga ya kwanza, iliyokuwa ngumu na pana, hakuliona. Kwa ya pili, ambayo ni kola laini ya kuzunguka shingo, aliliona. Tukalipa. Kinga ya kifua aliazimwa na binti aliyemaliza shule, na pedi tulimpelekea fundi viatu, akazitia mikanda mipya iliyokatwa katika mkoba wa zamani wa bibi yake.

Nilikwenda kumtazama mechi ya kwanza. Kona fupi ya tatu, msichana wa upande wa pili akaukokota mpira na kuurusha juu, ukamgonga mjukuu wangu barabara kwenye nyaya za mbele ya uso. Mlio wake ulikuwa kama jiwe juu ya bati. Mwamuzi akasimamisha mchezo, akamwendea, akamwuliza neno. Akatikisa kichwa, akazigonga nyaya kwa ngumi ya glavu, akarudi mahali pake. Kona iliyofuata sikuutazama mpira. Niliitazama shingo yake. Haikugeuka.

Walifungwa mabao mawili kwa moja. Alipokuja pembeni, jasho likimtiririka, hakuzungumza habari za helmeti. Aliniuliza ni lini tutaanza kuchanga fedha za pedi, kwa sababu mkanda wa mguu wa kushoto ulikuwa umekatika tena.