Kasha la Langoni

Kutoka Mombasa hadi Mokowe kwa basi ni safari ya kutwa. Ukishaipita Malindi huja Garsen, kisha Witu, na jua likianza kuinama ndipo ufikapo gatini, ukaingia mashua kuvuka hadi Amu. Mwezi wa Shaaban uliopita nilishika njia hiyo kwa haja moja tu, nayo ni kutafuta jina.

Bibi yangu mzaa mama amepita miaka 80. Kila isomwapo hitima nyumbani, huwataja marehemu wake mmoja mmoja, jina na jina la baba, mpaka akifika kwa bibi yake mwenyewe husema "na bibi wa Langoni", kisha hunyamaza. Aliniambia, "Mjukuu wangu, nataka nimwombee kwa jina lake kabla nami sijaombewa."

Nilianzia kwenye simu. FamilySearch haitozi malipo, lakini nyaraka nilizozikuta humo zilikuwa zaidi vitabu vya makanisa na hesabu za watu wa Ulaya na Marekani. Mtu wa Langoni hayumo. Gazeti Rasmi la Serikali lilinifaa zaidi. Lilianza 1899, na matoleo yake mengi ya zamani husomeka bure kwenye intaneti, pamoja na matangazo ya mirathi. Humo nilimkuta mjomba wa mama yangu, jina lake limeandikwa kwa tahajia ambayo yeye mwenyewe asingeitambua. Atakayetafuta humo na ajaribu kila namna ambayo karani wa Kizungu angeweza kulisikia jina la Kiislamu. Lakini wanawake humo ni haba.

Amu nilishukia kwa shangazi. Asubuhi tulizuru Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh, mwanachuoni aliyetoka Ngazija. Miswada ya pale imepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na picha hizo hutazamwa bila malipo. Mwenye kutafuta nasaba asiishie kwenye matini ya kitabu. Atazame na kurasa za mwanzo na za mwisho, kwani vitabu vya aina hii huandikwa humo nani alikimiliki na nani alikiweka wakfu. Nilizitazama mpaka macho yakauma. Bibi wa Langoni hakuwamo.

Jioni shangazi, aliyekuwa akinitazama bila kusema neno, alisema, "Mwanangu, umekwenda kote huko na kasha hujaliuliza." Akalivuta kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kanga, ubani uliokauka, stakabadhi za kodi, na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Tulimpelekea mzee jirani azisomaye hati hizo. Ilikuwa karatasi ya ndoa, mwaka 1328 wa Hijria, ndio 1910. Mahari yalitajwa, na mashahidi wawili, na jina la bibi harusi. Palipotakiwa kuwa "binti fulani" paliandikwa "huru wa fulani", na fulani huyo huyo ndiye aliyekuwa walii.

Mzee alivua miwani. Hakukuwa na haja ya kunieleza. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwanamke aliyeachwa huru asiye na walii wa damu huozeshwa na aliyemwacha huru. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na karatasi ile iliandikwa miaka 3 baadaye. Basi hii ndiyo sababu ya kimya cha nyumba nzima kwa zaidi ya miaka 100. Shangazi aliikunja karatasi, akasema, "Haya tusiyapeleke Mombasa." Usiku ule sikulala. Mwenye kuulizwa amana huiwasilisha, lakini nani atamwambia mkongwe wa miaka 80 jambo ambalo mama yake mwenyewe alilificha?

Nilirudi na picha ya karatasi kwenye simu. Nilimkuta Bibi akichambua mchele. Nilimsomea jina, nikanyamaza. Akaniuliza, "Na baba yake?" Nikamwambia kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa.

Aliendelea kuchambua mchele kwa muda. "Hilo nalijua tangu utoto wangu," alisema. "Watoto wenzangu walinitukania nalo. Jina ndilo sikuwa nalo."

Jina lenyewe sitaliandika hapa, kwa kuwa shangazi bado hajaridhia. Alhamisi iliyofuata, hitima ilipokwisha, Bibi aliwataja watu wake kama kawaida yake. Alipofika kwake alilitamka polepole, na kwa kuwa baba hajulikani, akasema "binti Abdallah", mja wa Mwenyezi Mungu, kisha akaendelea na wengine.