Mshipi Usio na Chubwi

Ukitaja uvuvi hapa Arusha, watu hufikiria mbali: Bwawa la Nyumba ya Mungu, Mwanza, Tanga. Mji wetu ni wa kahawa, watalii na vito vya Mererani. Kwa hiyo nilipoanza kuzunguka madukani, toka Soko Kuu hadi Kilombero, nikiulizia mshipi wa kuvulia, nilionekana kituko. Mwenye duka mmoja alinishushia bunda la nailoni. "Chukua huu, kijana. Hata papa hachomoki." Nikamwambia nataka mshipi mzito, wa kuvulia samaki asiyefika hata nusu kilo. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye ndala, halafu akamhudumia mteja mwingine.

Ndugu msomaji, sikuwa nimechanganyikiwa. Babu yangu, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Meru, ana fimbo ya kuvulia ya mwanzi. Alipewa na mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, aliyefungasha virago miaka michache baada ya Uhuru. Ujanani mwake babu ndiye aliyekuwa akimbebea vifaa vya uvuvi. Samaki wenyewe, trauti, si wa kwetu. Kenya mayai yao yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, yakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Baadaye mito kadhaa ya Kilimanjaro na Meru nayo ikapandikizwa. Trauti hutaka maji baridi yaendayo kasi, ndiyo maana akapelekwa mlimani. Babu alibeba fimbo ile miaka yote bila kuruhusiwa kuirusha hata mara moja. Siku mzungu alipoondoka alimwachia fimbo, lakini gurudumu na mshipi aliondoka navyo. Tangu hapo fimbo ikakaa juu ya kenchi, zaidi ya miaka 50, ikinusa moshi wa jikoni.

Msidhani ni mwanzi huu wetu tunaouona mlimani. Ni mwanzi wa China, wa jimbo la Guangdong, wenye nyuzi zilizobanana sana. Fundi huupasua vipande sita, akakipiga randa kila kimoja kiwe na pembe tatu, kisha akavibandika kwa gundi viwe ufito mmoja wenye pande sita. Ya babu ina urefu wa futi 7 tu, inaungwa katikati kwa kibomba cha shaba, na ukiishika ni kama umeshika kalamu.

Sasa hapa ndipo penye siri. Mvuvi wa pwani anayetumia mshipi hufunga chubwi, ule uzito wa risasi, akarusha. Chubwi linakwenda, mshipi unafuata. Lakini mvuvi wa trauti hutumia nzi wa bandia, manyoya machache yaliyofungwa juu ya ndoano, mwepesi kama kapi la mpunga. Utamrushaje? Humrushi. Unarusha mshipi, naye nzi anafuata. Mshipi wenyewe ndio chubwi. Ukiwa mwepesi mno fimbo haipindi, na fimbo isiyopinda haitupi kitu. Ukiwa mzito mno unaichosha, na mwanzi mzee unaweza kukukatikia mkononi.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja tu: uzito gani? Kwenye fimbo maandishi yalikwishafutika, ila mfuko wake wa kitambaa ulibaki na herufi tatu za wino: HEH. Nilihangaika nazo wiki nzima. Kumbe zamani mishipi ilikuwa ya hariri, na ilipimwa kwa unene. H ni unene wa inchi 0.025, E ni inchi 0.040. Yaani mshipi huo ulikuwa mwembamba huku, mnene katikati, mwembamba kule. Hariri ilitaka kupakwa mafuta ili ielee na kuanikwa kila jioni ili isioze. Ukiona vyaelea, vimeundwa, bwana.

Baadaye ikaja mishipi ya plastiki, na unene haukuwa tena kipimo cha uzito. Mwaka 1961, mwaka uleule tuliojitawala, watengenezaji wa vifaa vya uvuvi wa Marekani wakakubaliana kutumia namba. Unapima futi 30 za mwanzo za mshipi: zikiwa na greni 120, karibu gramu 7.8, huo ni namba 4. Zikiwa na greni 140, karibu gramu 9.1, ni namba 5. HEH ya zamani wengine huilinganisha na namba 4, wengine namba 5. Tofauti ni gramu moja na ushee. Utasema gramu moja ni nini? Kwa fimbo nyepesi namna ile ni jambo kubwa.

Katikati ya hangaiko hilo akatokea mtu wa hoteli. Alisikia habari za fimbo, akaja kuiona, akataka kuinunua aitundike ukutani watalii waitazame. Fedha aliyotaja ingetosha kuchapisha riwaya yangu, ambayo mswada wake umejaa madaftari manne na haujapata wa kuutazama. Nilimtazama babu. Babu akasema, "Mjukuu wangu, fimbo ni yako ukitaka. Mimi nilitaka tu kujua inavyokuwa mkononi ikiwa na mshipi." Hakusema zaidi. Usiku ule sikulala vizuri, siwezi kudanganya.

Asubuhi yake nilipanda daladala mpaka mjini na kamba mbili za pamba za kusuka, kila moja futi 30, pamoja na kipande cha mshumaa. Nikamwomba sonara mmoja anipimie kwenye mizani yake ya dhahabu. Alicheka mpaka akatoa machozi, lakini alinipimia. Nikazisugua nta, nikapima tena, nikasugua tena, mpaka moja ikasoma gramu 7.8 na ya pili 9.1. Nilikuwa nimejitengenezea namba 4 na namba 5 za bandia, bila kununua kitu zaidi ya kamba na mshumaa.

Tulijaribia kwenye majani ya uwanja wa shule, nikiwa nimefunga kinyuzi cha sufu nyekundu badala ya ndoano. Nilipotoa futi 30 zote, namba 4 ilikwenda vizuri kabisa na namba 5 ilitaka kuielemea fimbo. Ningefuata kitabu ningeishia hapo. Lakini babu aliniuliza, "Kile kijito chetu kina upana gani?" Hakizidi hatua sita, na matawi yamekifunika. Huko hutoi futi 30. Ukitoa 15 umejitahidi. Na futi 15 ni nusu ya mshipi, kwa hiyo fimbo inapata karibu nusu ya uzito. Nikajaribu tena kwa futi 15. Namba 4 ilidondoka miguuni pangu kama tambi. Namba 5 ilipinda fimbo mpaka katikati, ikanyooka, ikatua taratibu. Babu akasema, "Hiyo."

Kitabu kilipima kwa mito ya watu wengine. Sisi tunaojifunza kuandika tunalijua hilo: unafundishwa sentensi ya kuvukia mto mpana, ilhali una kijito cha hatua sita.

Kuhusu umbo la mshipi hakukuwa na ubishi mkubwa. Upo ambao uzito wote umerundikwa mbele, wa kurushia mbali. Upo wenye ncha nyembamba pande zote mbili, kama ile HEH. Katika futi 30 za mwanzo uzito wao ni uleule, kwa hiyo kwenye kijito chetu ule wa kwanza haukuzidi kitu. Huu wa pili ncha moja ikichakaa unaugeuza, unatumia nyingine. Kwa mtu wa kipato changu hiyo ni mishipi miwili kwa bei ya mmoja.

Nikaagiza namba 5 yenye ncha mbili, ya kuelea, kwa mshikaji wangu anayepandisha wageni mlimani. Mgeni wake mmoja aliileta. Nililipa kwa akiba niliyokuwa naitunza kwa ajili ya kuchapa mswada. Gurudumu alinichongea seremala wa Kijenge, kwa maana kazi yake ni kuhifadhi mshipi tu. Mtu wa hoteli nilimpigia simu nikamwambia fimbo haiuzwi.

Babu ndiye aliyeirusha kwanza, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Mkono ulitetemeka, lakini aliyatazama miaka mingi na aliyajua yote: kusubiri kidogo mshipi unyooke nyuma, ndipo usukume mbele. Mara ya tatu ulinyooka. Samaki hatukupata, na hakuna aliyeuliza.

Riwaya bado iko kwenye madaftari manne. Babu ana miaka 80 na ushee. Kati ya hivyo viwili nilijua kipi kinaweza kusubiri.